Je, Wajua? Msaliti Yumo Ndani ya Kikosi

Tamthilia yoyote ya makachero ikidumu zaidi ya msimu mmoja, mashabiki huanza kubishana: nani kati yao atauza mechi? Wapo wanaomtaka bosi. Wapo wanaomtaka mgeni aliyeingia juzi. Na wapo wanaoapa kuwa ni yule wa pembeni ambaye hakuna anayemtilia maanani. Ubishi huu una historia ndefu, una kanuni zake, na nyuma yake kuna kesi za kweli. Haya ni ya kujua kabla hujamchagua msaliti wako. Tahadhari moja: wasaliti wametajwa hapa kwa majina. Kama tamthilia fulani hujaimaliza, ruka aya yake.

KANUNI, NA WALIOZIVUNJA

Je, wajua kwamba iliwahi kuwekwa kanuni ya kumkataza kachero kuwa mhalifu? Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani aliyejiita S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za hadithi za upelelezi. Ya nne ilikataza mpelelezi, au ofisa yeyote wa uchunguzi, kugeuka kuwa ndiye aliyetenda kosa. Kwake, huo ulikuwa ulaghai kwa msomaji.

Je, wajua kwamba mwaka uliofuata padri alikazia hapo hapo? Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi mwaka 1929. Ya saba inamkataza mpelelezi kutenda uhalifu. Lakini ya kwanza ndiyo yenye faida zaidi kwa shabiki wa leo: mhalifu lazima awe ametajwa mapema katika hadithi. Ishike hiyo, maana itatusaidia kuwapima wasaliti wote wanaofuata.

Je, wajua kwamba kanuni hizo zilitungwa wakati maji yameshamwagika? Mfaransa Gaston Leroux alishazivunja mwaka 1907 katika riwaya yake ya chumba cha manjano, ambamo Frédéric Larsan, kachero mashuhuri aliyeitwa kuchunguza kesi, ndiye mhalifu mwenyewe.

Je, wajua kwamba Agatha Christie alimfanya msaidizi wa mpelelezi kuwa muuaji? Ni katika The Murder of Roger Ackroyd ya mwaka 1926. Daktari Sheppard anatusimulia hadithi nzima, na wakati huo huo anazunguka na Hercule Poirot kukusanya ushahidi. Mwishoni Poirot anamweka kikao na kumwonyesha kuwa aliyeua ni yeye. Wapo wasomaji waliolalamika kuwa wamechezewa rafu. Wengine walirudi kusoma tangu mwanzo wakakuta daktari hakusema uongo hata mara moja: aliruka tu dakika chache za usiku ule bila kueleza alifanya nini. Kambi hizo mbili hazijafa. Kila msaliti anapofichuliwa kwenye runinga, moja hupiga kelele za rafu na nyingine hurudi kutazama upya.

Je, wajua kwamba Waswahili nasi tuna jozi ya kupimia swali hili? Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyoshinda shindano la uandishi na kuchapishwa mwaka 1960, ilituletea Bwana Msa na kiko chake. Karibu naye yupo Najum, rafiki na msaidizi. Hebu wazia Najum akimzunguka Bwana Msa. Moyo unakataa. Basi mtunzi anayetaka kuandika usaliti lazima agombane na mioyo ya watu inayokataa namna hiyo.

LINE OF DUTY: WALINZI WA WALINZI

Je, wajua kwamba mojawapo ya tamthilia zilizowasha ubishi huu kuliko zote inahusu polisi wanaowachunguza polisi wenzao? Line of Duty, iliyotungwa na Jed Mercurio, ilianza kuonyeshwa BBC Two ya Uingereza tarehe 26 Juni 2012, kisha ikahamia BBC One mwaka 2017. Kikosi chake kinaitwa AC-12, na nguzo zake ni watatu: Steve Arnott (Martin Compston), Kate Fleming (Vicky McClure) na afande wao Ted Hastings (Adrian Dunbar).

Je, wajua kwamba Steve Arnott anaingia AC-12 akiwa tayari anaitwa msaliti? Katika sehemu ya kwanza kabisa, kikosi chake cha kupambana na ugaidi kinavamia nyumba isiyo yenyewe na kumuua mtu asiye na hatia. Wenzake wanataka wote waseme kauli moja ya kujikinga. Steve anakataa kusema uongo, na tangu hapo hawamtaki tena. Tamthilia inafungua mlango wake kwa swali gumu: kumkana mwenzako aliyetenda maovu, je, huo nao ni usaliti?

Je, wajua kwamba mji wa AC-12 hautajwi jina? Msimu wa kwanza ulipigwa picha Birmingham, Uingereza. Kuanzia wa pili kazi ilihamia Belfast, Ireland ya Kaskazini.

Je, wajua kwamba msaliti mkubwa wa kwanza wa AC-12 alijulikana kwa watazamaji kabla hata hajajiunga nacho? Huyo ni Matthew Cottan, maarufu kama Dot (Craig Parkinson). Msimu wa kwanza unapoisha tumeshaonyeshwa kuwa ni mtu wa jambazi Tommy Hunter tangu utotoni, alipokuwa akimbebea fimbo za gofu. Msimu wa pili anaingia AC-12, anakaa meza moja na Steve na Kate, anaitwa kwenye vikao na kusoma majalada. Sisi tunajua, wao hawajui. Kila Kate anapomwambia jambo la siri, mtazamaji anatamani kupiga kelele.

Je, wajua kwamba mbinu hiyo ilielezwa zamani na bingwa wa filamu Alfred Hitchcock? Katika mahojiano yake marefu na Mfaransa François Truffaut, yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966, alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache. Wakioneshwa bomu mapema huku waliokaa mezani wakiendelea na maongezi yao, watakaa roho juu kwa dakika nyingi. Kwa hiyo mashabiki wanapobishana nani awe msaliti, kuna swali la pili la kuamua: je, sisi tujue mapema, au tujue pamoja na kikosi?

Je, wajua kwamba Dot alikufa akimkinga mwenzake aliyemsaliti? Ilikuwa mwisho wa msimu wa tatu, Aprili 2016. Ameumbuliwa ndani ya chumba cha mahojiano, ametoroka kwa risasi, na Kate anamkimbiza mitaani bila kuchoka. Anatokea mtu mwenye silaha. Dot, ambaye kwa miaka amewauza wote, anajitupa mbele ya risasi zilizomlenga Kate. Anakata roho akitoa kauli ya mwisho kuhusu wakubwa wa mtandao wake, na kauli hiyo inarekodiwa. Hapo ndipo tamthilia ilipopanda juu ya nyingine nyingi. Msaliti alikuwa na mapenzi ya kweli kwa baadhi ya watu wake, na bado aliwauza. Watu wa namna hiyo wapo.

Je, wajua kwamba herufi moja iliwanyima watu usingizi kwa miaka kadhaa? Dot, akiwa anakufa, aliashiria herufi H. Mashabiki wakaanza kupekua kila jina linaloanza na H, na Hastings akawa wa kwanza kwenye orodha. Mwisho wa msimu wa tano, mwaka 2019, Steve na Kate wanautazama upya ule mkanda na kuona kitu kilichopita mbele ya macho ya wote: kidole cha Dot kilikuwa kinagonga nukta nne, ambazo katika alama za Morse ndizo H. Alikuwa anataja idadi: wakubwa wanne waliooza. Na ushahidi ulikuwa umekaa kwenye picha muda wote.

Je, wajua kwamba Ted Hastings alikaribia kuhukumiwa na watazamaji bila kesi? Msimu wa tano alionekana akiifunga kompyuta yake ya mkononi na kwenda kuiteketeza. Akachapa kwenye mtandao wa majambazi neno la Kiingereza "definately", lenye kosa lile lile la tahajia alilokuwa akilifanya H. Kwa wengi hiyo ilikuwa tosha. Wengine walimtetea kama baba yao. Mzee ana kasoro, walisema, lakini si mwizi.

Je, wajua kwamba jibu lilipotoka, Uingereza ilikuwa imekaa mbele ya runinga? Tarehe 2 Mei 2021, sehemu ya mwisho ya msimu wa sita ilitazamwa na wastani wa watu milioni 12.8. Aliyeletwa chumba cha mahojiano kama mkubwa wa nne ni Ian Buckells (Nigel Boyle), ofisa mzembe ambaye kila mtu alimwona mzigo. Kosa lile lile la tahajia ndilo lililomnasa.

Je, wajua kwamba Buckells anaifaulu kanuni ya kwanza ya padri Knox? Alikuwemo tangu msimu wa kwanza, 2012, akarudi wa nne na wa sita. Hakuchomekwa dakika za mwisho. Hata hivyo mashabiki waligawanyika vibaya. Waliochukia walisema wamengojea simba wakaletewa paka. Waliomkubali walisema hivyo ndivyo rushwa inavyoishi: kwa watu wa kawaida, wavivu, wanaopandishwa vyeo kwa sababu hawaulizi maswali. Naamini kundi la pili limeisoma tamthilia kwa usahihi, ila kundi la kwanza nalo lina haki ya malalamiko yake. Usaliti ni kuvunjwa kwa imani, na Buckells hakuwahi kuaminiwa na mtu.

MAREKANI: WASALITI WA KILA AINA

Je, wajua kwamba 24 ilitumia msaliti mmoja kumficha mwingine? Tamthilia hiyo ya Fox ilianza tarehe 6 Novemba 2001, kila sehemu ikiwa saa moja ya siku moja ndefu ya Jack Bauer na kikosi chake cha kupambana na ugaidi Los Angeles. Katikati ya msimu anakamatwa Jamey Farrell, mtaalamu wa kompyuta. Watazamaji wakashusha pumzi: mchawi ameshapatikana. Kumbe bado. Saa za mwisho, Mei 2002, ikadhihirika kuwa Nina Myers (Sarah Clarke), mkono wa kulia wa Jack, ndiye msaliti mkubwa, na ndiye anayemuua Teri, mke wa Jack.

Je, wajua kwamba waandishi wa 24 hawakuanza msimu wakiwa wamemchagua Nina? Uamuzi ulikuja kazi ikiendelea, na mwigizaji mwenyewe aliambiwa kwa kuchelewa sana. Mwisho mwingine ambamo Teri anabaki hai ulipigwa picha pia. Ukirudia sehemu za mwanzo utaona mahali ambapo Nina yuko peke yake akifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, bila mtu wa kumdanganya. Pigo la mwisho lilikuwa kali, lakini nyayo za kumfuatilia hazikuwekwa tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba usaliti uliowaumiza mashabiki wengi zaidi wa Bones ulifanywa na kijana mpole wa maabara? Zack Addy (Eric Millegan) alikuwa mwanafunzi wa Daktari Brennan, mwenye akili nyingi na uzoefu mdogo wa watu. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, tarehe 19 Mei 2008, mlipuko unaunguza mikono yake ndani ya maabara. Wenzake wanamlilia. Kisha ushahidi unaanza kugeuka: mlipuko ameupanga mwenyewe, na yeye ni mfuasi wa muuaji mla watu waliyekuwa wakimsaka msimu mzima. Brennan anakaa kando ya kitanda chake cha hospitali na kubishana naye kwa hoja, hatua kwa hatua, kwa sababu hoja ndiyo lugha pekee anayoielewa. Zack anasikiliza na kugundua kosa katika mantiki yake. Anakubali kuwasaidia kumpata muuaji.

Je, wajua kwamba mgomo wa waandishi ulifupisha msimu huo? Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia tarehe 5 Novemba 2007 hadi 12 Februari 2008, na msimu wa tatu wa Bones ukaishia kwenye sehemu 15. Njia ya Zack kutoka mwanafunzi mpole hadi mfuasi wa muuaji ilikuwa fupi mno, na mashabiki waliona pengo. Kuvunjika moyo hawakukataa. Walichodai ni kuonyeshwa jinsi mtu wao alivyopotea hatua kwa hatua.

Je, wajua kwamba Zack alisafishwa jina baada ya miaka tisa? Msimu wa nne alimweleza daktari wa saikolojia kuwa mtu ambaye alikuwa amekiri kumuua hakuuawa na yeye. Mwaka 2017, katika msimu wa mwisho, mahakama ilimwondolea kosa la mauaji. Waliomtetea muda wote huo walipata walichokuwa wakikidai.

Je, wajua kwamba katika Castle msaliti alikuwa mkuu wa kituo? Kapteni Roy Montgomery (Ruben Santiago-Hudson) alimlea Kate Beckett kikazi kama binti yake. Tarehe 16 Mei 2011, kwenye mwisho wa msimu wa tatu, Beckett anagundua kuwa akiwa askari kijana Montgomery alihusika na uchafu uliokuja kusababisha kifo cha mama yake. Ndani ya banda la helikopta, Montgomery anamwomba Castle amwondoe Beckett. Castle anambeba huku Beckett akilia na kupigana, na kapteni anabaki peke yake kuwasubiri wauaji. Hapa msaliti na mlezi ni mtu mmoja, na mtazamaji analazimika kuwabeba wote wawili.

Je, wajua kwamba The Mentalist iliweka orodha ya watuhumiwa hadharani? Patrick Jane alimsaka muuaji Red John tangu 2008. Mwisho wa msimu wa tano, 2013, yakatajwa majina saba, na mashabiki wakapata miezi kadhaa ya kubishana. Miongoni mwa saba hao alikuwemo Gale Bertram, mkurugenzi wa idara ambayo Jane aliifanyia kazi, na kweli aligeuka kuwa mtu wa mtandao wa polisi waovu. Lakini Red John alikuwa sherifu Thomas McAllister, aliyeonekana mara ya kwanza katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza. Aliyemwigiza, Xander Berkeley, ndiye aliyekuwa George Mason kwenye 24.

Je, wajua kwamba The Shield haikungoja hata sehemu ya pili? Tarehe 12 Machi 2002, mwisho wa sehemu ya kwanza, kachero Vic Mackey (Michael Chiklis) anampiga risasi ya uso Terry Crowley, askari mwenzake aliyepandikizwa kumchunguza. Misimu yote saba inaishi chini ya kivuli cha risasi hiyo. Mwaka 2006 askari mwingine wa kikosi cha Vic, Shane (Walton Goggins), anamuua rafiki yake Lem kwa guruneti, akihofia kuwa atafungua mdomo. Tamthilia ilichochewa na kashfa ya kweli ya kituo cha Rampart cha polisi wa Los Angeles, miaka ya 1990.

SIRI ZA UTENGENEZAJI

Je, wajua kwamba wengi wa waigizaji wa Broadchurch hawakujua muuaji ni nani mpaka siku za mwisho? Mtunzi wake, Chris Chibnall, aliificha miswada. Tamthilia hiyo ya ITV ilirushwa Machi na Aprili 2013, ikapigwa picha kwenye ufukwe wa West Bay, Dorset. Kachero Ellie Miller (Olivia Colman) anawachunguza majirani wake wote kwa mauaji ya mtoto, kumbe aliyemuua ni Joe, mume wake. Alec Hardy (David Tennant) anapomwambia, Ellie kwanza anakataa, kisha mwili unamwishia nguvu. Baadaye anaingizwa chumba alimo Joe na kumshambulia kwa mateke. Mwaka 2014 Colman alipata tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa kitandani.

Je, wajua kwamba mwigizaji Sofie Gråbøl alimsaka muuaji bila kumjua kweli? Forbrydelsen ya Denmark, iliyoanza Januari 2007 na kuwa na sehemu 20, iliandikwa na Søren Sveistrup huku waigizaji wakipewa miswada kidogo kidogo. Kila mmoja alicheza kama mtu asiye na hatia, kwa sababu hakujua vinginevyo.

Je, wajua kwamba Wamarekani walipoitengeneza upya wakabadilisha mhalifu? The Killing ya AMC ilianza 2011. Msimu wa kwanza uliisha bila kumtaja muuaji, watazamaji wakaghadhabika, na jibu likaja mwaka 2012.

Je, wajua kwamba Twin Peaks ilipiga picha tukio moja la mauaji kwa kutumia zaidi ya mwigizaji mmoja, ili hata mafundi wake wasijue muuaji wa kweli ni nani? David Lynch hakutaka kabisa jibu litolewe. Kituo cha ABC kilishinikiza, likatolewa Novemba 1990, watazamaji wakapungua, na mwaka 1991 tamthilia ikafutwa.

Je, wajua kwamba katika Spooks, tamthilia ya BBC ya kikosi cha majasusi, msaliti aliokoa London? Connie James (Gemma Jones), aliyewauza wenzake kwa Warusi, anategua bomu la nyuklia chini ya ardhi mwaka 2008 na kufa hapo hapo. Miaka miwili baadaye kikosi hicho hicho kikagundua kuwa Lucas North (Richard Armitage), kipenzi cha wengi, alikuwa anaishi kwa jina lisilo lake.

NYUMA YA RUNINGA

Je, wajua kwamba FBI iliwahi kumpa msaliti kazi ya kumtafuta msaliti? Robert Hanssen alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1979. Mwaka 1987 alipangiwa kuchambua mafaili ili kubaini nani ndani ya idara anavujisha. Alikuwa anajitafuta mwenyewe. Baadaye wachunguzi walimshuku vikali Brian Kelley, ofisa wa CIA asiye na kosa lolote. Walifuatilia nyendo zake, wakambana kwa maswali, na akasimamishwa kazi. Kisha FBI ikalipa dola milioni 7 kwa faili lililotoka Moscow. Ndani yake mlikuwa na kanda ya sauti. Wachunguzi walikaa kusikiliza wakitarajia sauti ya Kelley, ikatoka sauti ya Hanssen. Alikamatwa tarehe 18 Februari 2001 katika bustani moja ya Virginia. Nikisoma habari za Kelley ndipo ninapoelewa kwa nini waliomtetea Hastings walifanya jambo la maana. Walikataa kumhukumu mtu kwa sababu tu anafanana na jibu.

Je, wajua kwamba Kim Philby alikuwa mkuu wa kitengo cha Uingereza cha kupambana na majasusi wa Kisovieti, huku yeye mwenyewe akiwatumikia Wasovieti? Alikabidhiwa kitengo hicho mwaka 1944, na akatorokea Moscow mwaka 1963 kutoka Beirut. John le Carré, aliyewahi kufanya kazi katika ujasusi, aliandika riwaya yenye mwangwi wa kisa hicho. BBC iliitengeneza mwaka 1979 kwa sehemu saba, Alec Guinness akiwa George Smiley.

Je, wajua kwamba AC-12 ni ya kubuni lakini ina babu wa kweli? Robert Mark, mkuu wa polisi wa London kuanzia 1972, aliunda kitengo cha A10 kuwachunguza askari wake mwenyewe. Wakati wa uongozi wake karibu askari 500 waliliacha jeshi.

Je, wajua kwamba mkuu wa polisi wa London alikasirishwa na Line of Duty? Mwaka 2019 Cressida Dick alisema hadharani kuwa picha ile ya rushwa imemuudhi. Mercurio akajibu kuwa visa vyake vina mizizi katika matukio ya kweli. Juni 2021, wiki chache tu baada ya Buckells kukamatwa kwenye runinga, jopo huru lililochunguza mauaji ya mpelelezi binafsi Daniel Morgan, aliyeuawa London mwaka 1987, lilitoa ripoti yake. Lilisema jeshi hilo lilikuwa na ufisadi wa kitaasisi. Jeshi likaikataa kauli hiyo. Hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo mpaka leo. Kwa familia ya Morgan, swali la nani ndani ya polisi hakusema ukweli limekuwa maisha yao yote.

BASI NANI ASALITI?

Kwa ushahidi huu, nasimama na mashabiki wanaomtaka msaliti aliyekuwepo tangu mwanzo, aliyependwa, na mwenye sababu ambayo binadamu anaweza kuielewa hata kama hawezi kuisamehe. Dot anafaulu yote matatu. Montgomery pia. Nina na Zack walipendwa lakini hawakuandaliwa. Buckells aliandaliwa lakini hakupendwa. Anayechagua msaliti kwa ajili ya kishindo tu anawaibia watazamaji miaka waliyowekeza.

Je, wajua, mwisho kabisa, kwamba kuna msaliti aliyebakishwa kikosini? Katika The Wire, iliyoanzishwa HBO mwaka 2002 na mwandishi wa habari wa zamani David Simon, Ellis Carver anapeleka siri za kikosi kwa wakubwa ili apandishwe cheo. Anakipata. Luteni Daniels, aliyekwishajua, hamfukuzi. Anamweleza kwamba sasa ni sajini, vijana watamtazama, na watakachokiona kwake ndicho watakachojifunza. Mwaka 2008, katika msimu wa tano, mmoja wa askari wa Carver anamshambulia raia asiye na kosa. Carver anaandika ripoti. Wenzake wanamsihi aifute, wanamkumbusha kuwa askari hamchongei askari. Anaipeleka hivyo hivyo. Safari hii wanamwona msaliti, na safari hii ndipo alipokuwa mwaminifu kwa kazi yake.